Yaliyoandikwa na Wengine, Yanayotulazimu Sisi Kuyatunza

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo ambalo wengi hulidhani kuwa ni la mafundi wa kompyuta peke yao, ilhali kwa hakika lamhusu kila mtu aliyepata kuandikwa jina lake katika kompyuta ya hospitali, ya shule, ya COOPEC (chama cha kuweka akiba na kukopa) au ya duka la dawa: yaani zile sehemu za programu ambazo fundi wetu hakuziandika yeye, bali alizichukua kwa watu wengine, akazitia katika kazi yake, na tangu siku hiyo kazi yake ikawa haiwezi kwenda bila ya hizo. Sehemu hizo nitaziita mategemeo, na nawaomba mlishike neno hilo, kwa kuwa nitalirudia mara nyingi.

Mategemeo hayo ni nini hasa? Tuchukue programu ya kupokea minervali, yaani karo, katika shule moja ya sekondari ya hapa mjini Butembo. Kijana aliyeiandika, aghalabu mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akitayarisha kazi yake ya kumalizia masomo, ameandika kwa mkono wake yale yanayoihusu shule ile: madarasa, viwango vya malipo, majina ya wanafunzi. Lakini je, ni yeye aliyeandika namna ya programu kuzungumza na hifadhidata? Ni yeye aliyeandika namna ya kutengeneza stakabadhi ya PDF, au namna ya kuficha neno la siri la mhasibu? La, sivyo. Hayo aliyakuta yamekwisha andikwa na watu ambao hajapata kuwaona, mmoja yuko Ufaransa, mwingine Brazili, mwingine Uchina, nao wameyaweka katika maghala ya wazi ya intaneti ili kila mwenye haja achukue bila ya malipo. Wala hapana aibu katika kuchukua. Kwani lau kila fundi angalilazimika kuandika kila kitu tangu mwanzo, zahanati zetu na shule zetu zingalikuwa mpaka leo zinahesabu kwa daftari tu.

Taabu yaanzia mahali pengine. Kila tegemeo nalo lina mategemeo yake, na hayo yana yake tena, hata fundi aliyeomba vitu kumi huletewa mamia pasipo kujua. Na sisi watu wa Beni na Butembo hatuhitaji kufundishwa sana maana ya mlolongo wa namna hii. Ebola ilipotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, ikafika Beni, kisha Katwa na Butembo, isitangazwe kwisha ila tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imewaua watu 2,287 miongoni mwa 3,470 walioipata, kila jamaa ilijifunza kwa uchungu kwamba haitoshi kumjua mgonjwa. Walitafutwa waliomgusa mgonjwa, na tena wakatafutwa waliowagusa wale waliomgusa, na chanjo ikatolewa kwa duru zote mbili. Aliyekuwamo katika orodha aliweza kufuatwa kila asubuhi, akapimwa joto, akahudumiwa mapema. Asiyekuwamo alihofiwa kuliko wote, si kwa ubaya wake, bali kwa kuwa hapana aliyejua yuko wapi. Basi mwenye programu naye anadaiwa orodha kama ile: kila tegemeo alilolichukua mwenyewe, na kila tegemeo lililokuja nyuma ya hilo, pamoja na namba ya toleo lake. Hili ndilo jambo la kwanza ninalotaka mlikumbuke: ajue alicho nacho.

Na sasa tuje katika kisa chenyewe, ambacho kilitokea katika siku ambazo Beni haitazisahau. Tarehe 8 Oktoba 2021 Ebola ilitangazwa tena, mara hii katika eneo la afya la Butsili, mjini Beni. Na wagonjwa walipokwisha tukaanza kuhesabu zile siku 42 za kungoja, hata tarehe 16 Desemba ikatangazwa rasmi kwamba imeondoka. Katika juma lile lile la mwisho la kungoja, sisi tukiomba Mungu asitokee mgonjwa mwingine, mafundi wa kompyuta wa dunia nzima walikuwa hawalali. Habari zilikuwa zimeenea, tangu tarehe 9 na 10 Desemba, kwamba ndani ya kitu kiitwacho Log4j mna kasoro ambayo mtu mbaya aweza kuitumia akiwa mbali, akaitawala seva ya mwenziwe kama kwamba ni yake.

Log4j ni kitu gani? Ni tegemeo la programu zilizoandikwa kwa lugha ya Java, na kazi yake ni ya unyenyekevu kabisa: huandika kumbukumbu ya mambo yanayotukia ndani ya programu, nani ameingia, saa ngapi, na kitu gani kimeshindikana. Hapana mteja aliyepata kununua programu kwa sababu ya Log4j, na wengi waliokuwa nayo hawakujua kuwa wanayo. Lakini tangu mwaka 2013 ilikuwa imetiwa uwezo mmoja wa hatari, kwamba ikikutana na ibara ya namna fulani katika maneno inayoyaandika, huacha kuyaandika tu kama maneno, ikayatii kama amri, ikaenda kuchukua kitu katika kompyuta ya mbali na kukiendesha. Mdhalimu hakuhitaji zaidi ya kuandika ibara ile mahali paulizwapo jina lake. Aliyeigundua kasoro hiyo na kuwaarifu watunzaji, tarehe 24 Novemba, ni Chen Zhaojun wa kampuni ya Alibaba huko Uchina. Na watunzaji wenyewe walikuwa watu wachache wa kujitolea, chini ya shirika la Apache Software Foundation, waliokuwa na kazi nyingine za kuwapatia riziki.

Pengine msikilizaji ataniuliza: Bwana, hayo ya Java yatuhusu nini sisi wa Butembo? Yatuhusu sana. Muuguzi mkuu wa kituo cha afya apelekapo ripoti yake ya mwezi katika ofisi kuu ya zoni, ya akina mama waliojifungua, ya watoto waliochanjwa, ya malaria, hesabu zile huingizwa katika programu iitwayo DHIS2, ambayo Wizara ya Afya ya nchi yetu huitumia kwa habari zake za afya, kama wanavyoitumia jirani zetu wa Uganda, Kenya na Tanzania. Asili yake ni Afrika Kusini katika miaka ya 1990, na sasa hutunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe. Nayo imeandikwa kwa Java, na Log4j ilikuwamo ndani yake. Watunzaji wa Oslo hawakuchelewa. Walitoa haraka matoleo yaliyorekebishwa. Lakini wana kanuni moja, nayo ni ya haki, kwamba huyashughulikia matoleo makuu matatu ya mwisho tu, kwa sababu hawana mikono ya kuyatunza yote ya miaka iliyopita.

Zingatieni maana ya kanuni hiyo. Mtawala wa seva aliyekuwa akipandisha toleo lake kila mwaka, kidogo kidogo, alitakiwa katika juma lile la hofu kupiga hatua moja fupi, kisha akaenda kulala. Na yule aliyekuwa amekaa na toleo la zamani kwa sababu lilikuwa likifanya kazi, alikuwa na njia mbili, zote za dhiki: ama kutafuta hila ya kuizuia kasoro bila ya kuiondoa, ama kuruka matoleo mengi kwa mara moja, huku fomu zimebadilika, ripoti zimebadilika, hifadhidata yenyewe yataka kugeuzwa, na hapana wakati wa kujaribu. Kuahirisha hakukumwondolea kazi hata chembe. Kulimkusanyia kazi ya miaka yote katika siku zile chache ambazo hakuwa na nafasi ya kuifanya vizuri. Hili ni jambo la pili, nami naliona kuwa ndilo kubwa kuliko yote nitakayoyasema leo: usasishaji wa kidogo kidogo, wenye siku yake maalumu, ni sahali, usasishaji wa kushtukizwa ni msiba.

Kisa cha Log4j kilikuwa na somo jingine. Toleo lenye kasoro lilikuwa 2.14.1 na yaliyolitangulia. Likatolewa 2.15.0, watu wakashukuru. Mara ikaonekana kwamba tiba haikutimia, likatoka 2.16.0, likafuata 2.17.0; na kabla ya mwaka kwisha likatoka 2.17.1. Matoleo manne katika muda usiotimia majuma matatu! Aliyesasisha mara moja na kusema nimemaliza, hakuwa amemaliza. Na hapa nieleze kidogo zile namba tatu, maana mafundi wetu vijana huzipita bila ya kuzitazama. Kwa desturi, namba ya mwisho ikiongezeka, kasoro imerekebishwa na mengine yamebaki kama yalivyokuwa; ya katikati ikiongezeka, kitu kipya kimetiwa bila ya kuvunja vya zamani; na ya kwanza ikiongezeka, basi jihadhari, kwa kuwa yaliyofanya kazi jana huenda yasifanye kazi leo, na imekupasa kusoma maelezo ya mwandishi tangu mwanzo hata mwisho. Hiyo ni ahadi ya mwandishi kwa watumiaji wake, na ahadi ya binadamu huweza kukosea. Kwa hiyo kujaribu ni lazima hata pale namba ya mwisho peke yake inapobadilika.

Je, basi, kila kipya kitokapo tukikimbilie saa ile ile? Hapana, ndugu zangu. Mwishoni mwa Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kwamba kuingia katika kompyuta yake kwa njia ya SSH, itumikayo kuingia kutoka mbali, kunachelewa kwa kadiri ya nusu sekunde. Wengi wangalipuuza, yeye akafuatilia, akagundua kwamba tegemeo liitwalo xz, la kubana mafaili, lilikuwa limetiwa mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1, na aliyeutia ni mtu aliyejiita Jia Tan, ambaye kwa miaka zaidi ya miwili alikuwa akijipendekeza kwa mtunzaji aliyechoka, akimsaidia kazi, mpaka akaaminiwa. Walioponea ni wale waliokuwa bado na toleo la nyuma kidogo, maana matoleo yale mabaya yalikuwa yameingia zaidi katika mifumo ya majaribio. Kwa hiyo rai yangu ni hii: toleo linaloziba tundu la usalama lililokwisha julikana litiwe haraka, usiku huo huo ikiwezekana, na toleo la kawaida, linaloleta urembo au uwezo mpya, na lingoje majuma kadhaa, ili wengine walijaribu kwanza.

Ninakuja sasa katika hali ya kwetu, ambayo vitabu vya mafundi wa Ulaya havikuandikwa kwa ajili yake. Vitabu vile hudhani kwamba intaneti ipo daima na ghala liko wazi daima. Hata kwao dhana hiyo ilipata kuwaaibisha: tarehe 22 Machi 2016 mwandishi mmoja, Azer Koçulu, baada ya kugombana na wenye ghala la npm juu ya jina, aliziondoa kazi zake zote, na miongoni mwake kitu kiitwacho left-pad, chenye mistari 11 tu, na programu za makampuni makubwa zikakataa kujengeka kwa sababu mistari ile 11 haikupatikana. Lakini kwetu sisi ghala halihitaji kugombana na mtu ili litoweke. Hutoweka kila umeme unapokatika, kila mega za intaneti zinapokwisha, kila mnara wa simu unaponyamaza. Nani asiyekumbuka tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi ambao Beni na Butembo hatukupiga kura pamoja na wenzetu, serikali ilipokata intaneti katika nchi nzima, isiirudishe ila baada ya kadiri ya siku ishirini? Fundi wa Butembo ambaye kompyuta ya mteja wake iliharibika katika siku zile, angalizipata wapi sehemu za kuijenga upya programu?

Angalizipata katika diski yake mwenyewe, kama aliziweka. Nasema hivi kwa mkazo: yeyote anayefanya kazi hii katika miji yetu na aweke nakala ya mategemeo yake yote mahali anapoweza kuyafikia bila ya intaneti, katika diski ya nje isiyokaa chumba kimoja na kompyuta, na pamoja nayo lile faili la kufuli, yaani composer.lock kwa wenye PHP, au package-lock.json kwa wenye JavaScript, ambalo huandika kila tegemeo na toleo lake halisi. Nimewaona vijana wakilifuta faili hilo kila usakinishaji unapogoma, kwa kudhani kwamba ni takataka, na mara mambo yakaenda. Yamekwenda, naam, lakini wameipoteza ile orodha tuliyoizungumza, na kesho hawatajua ni toleo gani lililokuwa likifanya kazi jana.

Na niseme tena, kwa wale waliofungua redio sasa hivi: mwenye programu ajue alicho nacho, asasishe kidogo kidogo, na nakala iwe karibu.

Kauli moja naisikia mara kwa mara, tena kwa watu wenye akili na uzoefu, nayo ni kwamba kitu kinachofanya kazi kisiguswe. Husema: kompyuta ya mhasibu wetu haimo katika intaneti, Log4j itatuingilia wapi? Wanayo haki kwa sehemu, wala sitaki kuwanyima. Kompyuta iliyotengwa imepona na hatari moja kubwa. Lakini itatengwa mpaka lini? Siku prefe, yaani mkuu wa shule, atakapotaka wazazi walipe kwa M-Pesa au Airtel Money, kompyuta ile italazimika kuunganishwa, na uzee wake wote utatoka nao hadharani. Fauka ya hayo, mashine zenyewe hufa. Umeme wa jenereta na radi za milima yetu huzifupishia umri. Inakuja kompyuta mpya, yenye mfumo mpya, na ile programu iliyoandikwa kwa PHP 7.4, ambayo watunzaji wake waliacha kuirekebisha tangu tarehe 28 Novemba 2022, yakataa kuanza. Kijana aliyeiandika amekwisha kwenda Kampala au Kinshasa kutafuta maisha. Orodha haipo. Nakala haipo. Na wanafunzi wamepanga mstari mbele ya dirisha la mhasibu, kila mmoja ameshika fedha mkononi. Nani atasema hapo kwamba kutogusa kulikuwa ni usalama?

Namna ya kufanya si ngumu, bali yataka subira. Mwanzo chukua nakala ya hifadhidata, na uhakikishe kwamba nakala hiyo yafunguka, maana nakala isiyojaribiwa si kitu cha kutegemea. Kisha fanya kazi katika kompyuta nyingine, usiiguse ile ya kazi za kila siku. Pandisha tegemeo moja, ujaribu, ndipo upandishe jingine, kwa kuwa ukipandisha ishirini kwa pamoja na programu ikaanguka hutajua ni lipi lililoiangusha. Kujaribu ni nini? Ni kutoa stakabadhi, kujumlisha malipo ya darasa moja, kulinganisha jumla hiyo na ile ya jana. Andika ulichobadilisha na tarehe yake. Wala usichague mwanzo wa Septemba, wazazi wanapomiminika shuleni, wala siku za kwanza za mwezi ambapo zoni za afya zinakusanya ripoti. Na kabla ya hayo yote, wakati wa kuchagua tegemeo, jiulize kama unalihitaji kweli; mistari 11 waweza kuiandika mwenyewe alasiri moja, na ukaishi bila ya mgeni mmoja zaidi katika orodha yako.

Lakini nani afanye? Hapa nina maneno kwa wenye madaraka. Shule, hospitali au COOPEC inapompa kijana kazi ya kuandika programu, humlipa kwa kuiandika tu, kisha humtaraji aitunze kwa upendo, jambo ambalo hatulitaraji kwa fundi wa jenereta wala wa gari. Mapatano yaandikwe tangu mwanzo kwamba mara moja kila miezi mitatu atakuja, atasasisha, naye atalipwa kwa siku hiyo na kwa mega alizozitumia.

Na kwa waalimu wa vyuo vyetu, nikianza na Chuo Kikuu Katoliki cha Graben ambacho tangu mwaka 1989 kimewafundisha vijana wa Butembo, nina maombi mawili. Mwanafunzi anaposimama mbele ya majaji kuitetea programu yake, pamoja na kumwuliza michoro na nadharia, aulizwe pia: iko wapi orodha ya mategemeo yako, ni yapi yaliyokwisha zeeka, na ukiondoka nani atayapandisha? Na la pili, vyuo vishirikiane kuweka ghala moja la humu humu mjini, kwa programu za bure kama Verdaccio ambazo huhifadhi kila kilichokwisha kupakuliwa, ili tegemeo lililopakuliwa kwa mega za mmoja liwafae mia, na siku intaneti inapokatika kazi isisimame. Seva moja, betri na sola ya kuitia nguvu, na mtu mmoja wa kuitunza kwa dhamana: hayo hayashindi uwezo wa mji uliojijengea shule na hospitali nyingi kwa michango ya wenyeji wake.

Muda wetu umekwisha, wasikilizaji wapenzi. Juma lijalo, Mungu akitujalia uzima na umeme, tutazungumza juu ya zile nakala za hifadhidata nilizozitaja kwa haraka, namna ya kuzichukua, mahali pa kuziweka, na namna ya kuzijaribu. Na mwenye swali na atuletee kabla ya siku ya Alhamisi.